Aliyezidiwa na dawa ya tezi: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Njombe

Mama huyu alikuwa na miaka 36 nilipomwona mara ya kwanza. Alikuja peke yake, amejifunga vitenge viwili na juu yake koti la mumewe, akakaa kwenye benchi la kliniki huku mikono ameificha kwapani. Ulikuwa mwezi Julai, mkoani Njombe. Asiyeijua Njombe ya Julai aelewe kwamba kuna asubuhi majani huamka meupe kwa sakitu, na kwenye foleni hakuna asiyejikunyata. Kwa hiyo aliposema, "Daktari, nasikia baridi sana," nilitabasamu, nikaandika, nikaendelea na swali la pili.

Umri na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa, na mengi ni yangu.

Alikuwa na uchovu wa karibu miaka mitano, choo kigumu, ngozi kavu inayobabuka, nywele zinazokatika na usingizi wa mchana ambao nyumbani ulimpatia jina la mvivu. Hedhi hakuwa anaiona. Nilipouliza tangu lini, akasema alichoma sindano ya uzazi wa mpango baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, na tangu hapo haikurudi. Jibu hilo likanitosha, na leo nashangaa lilinitoshaje. Sindano ile ni ya miezi mitatu. Inaweza kuchelewesha hedhi kwa miezi kadhaa baada ya hapo, wengine hata mwaka na zaidi, ila sindano moja haifungi hedhi miaka mitano.

Mapigo ya moyo yalikuwa 56 kwa dakika, presha 96/60, uzito kilo 58. Shingoni hakuna uvimbe. Nikaagiza kipimo cha TSH, amri inayoiendesha tezi ya shingo, na T4, homoni ambayo tezi hiyo yenyewe huitoa. TSH ikarudi 6.1, juu kidogo ya mpaka wa maabara yetu ambao ni kama 4. T4 haikupimwa, vitendanishi vyake vilikuwa vimeisha wiki hiyo. Huku kwetu wazee bado wanayakumbuka marovu yaliyoning'inia shingoni kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini joto, na daktari aliyelelewa kazini katika nyanda hizi huiwazia tezi ya shingo mapema kuliko mwenzake wa pwani. Mgonjwa amechoka, ana baridi, moyo unapiga polepole, TSH imepanda. Nikaandika dawa ya tezi, levothairoksini, mikrogramu 50 kila asubuhi, nikampa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita.

Nisimame kidogo kwenye ile 6.1, maana kisa chote kimejificha humo.

TSH haitengenezwi na tezi ya shingo. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya maharage iliyoning'inia chini ya ubongo, na ni amri tu: "Wewe wa shingoni, fanya kazi." Tezi ya shingo ikilegea, pituitari hupaza sauti. Mtu ambaye tezi yake ya shingo imekufa kiasi cha kulala mchana kutwa na kukatika nywele, mara nyingi TSH yake utaikuta 40, 80, wengine hupita 100. Dalili za mama huyu zilikuwa za mtu wa 80, na karatasi ilisema 6.1. Ugonjwa mkubwa, amri ndogo. Hapo nilipaswa kujiuliza kama mtoa amri mwenyewe ni mzima. Na kuna jambo la kupotosha zaidi: pituitari iliyoumia huweza kutoa TSH isiyo na nguvu, ambayo mashine ya maabara huihesabu kama nyingine yoyote ilhali mwilini haifanyi kazi inayolingana na hesabu hiyo. Ndiyo maana kipimo chake kilipanda kidogo badala ya kushuka, nami nikaona jina la ugonjwa ninaoujua.

Alirudi baada ya wiki sita. TSH ilikuwa 0.9. Kwenye karatasi amepona. Yeye akasema wiki mbili za kwanza alijisikia afadhali, kisha akaanza kuwa vibaya kuliko mwanzo: kichefuchefu asubuhi, kizunguzungu akiinuka kwenye kigoda, chumvi anailamba mkononi. La chumvi alilisema akicheka. Nami nilicheka. Nikapiga hesabu ya dozi kamili ya mtu mzima, mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, kilo 58, ikaja 93. Nikampandisha hadi mikrogramu 100.

Siku kumi na nane baadaye aliletwa saa tisa usiku kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mama yake mzazi, amefungwa kwa kanga asidondoke. Alikuwa ametapika siku tatu. Duka la dawa la kijijini lilimpa dawa ya mseto ya malaria, ingawa kipimo cha haraka kilionyesha hana, na kesho yake likampa dawa ya taifodi. Presha ilikuwa 74/46, mapigo 104. Sukari 2.4, chini mno. Alikuwa akiitika jina lake na kusinzia tena. Sodiamu, iliyotoka alfajiri, ilikuwa 119 wakati ya kawaida haishuki chini ya 135, potasiamu 4.2, sawasawa kabisa.

Tulifanya kinachofanywa na kila zamu ya usiku: dekstrosi kwa sukari, dripu za chumvi, seftriaksoni kwa wasiwasi wa vijidudu kuingia kwenye damu. Sukari ilipanda ikashuka tena. Presha ilifika 80 ikakaa hapo, lita mbili zikiwa zimeshaingia.

Aliyefungua kisa ni sista wa zamu, na alikifungua kwa kipimajoto. Alimwinua mgonjwa mkono akiweke kwapani, akasita, akainua na mkono wa pili. "Daktari, huyu hana nywele kwapani. Na hajanyoa, ngozi ni laini kama ya mtoto." Kisha akamgeukia bibi aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda. "Shikamoo mama. Huyu binti yako kujifungua kwake kwa mwisho kulikwendaje?"

"Marahaba mwanangu. Kulikwenda vibaya. Alijifungulia nyumbani, kondo likakataa kutoka. Damu ilimwagika mpaka godoro tukalitupa. Tulifika hospitali hajitambui, akaongezewa chupa nne. Mungu akamrudisha. Ila maziwa hayakutoka hata tone, yule mtoto nimemlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe."

Mimi nilikuwa nimeuliza amezaa watoto wangapi. Sikuuliza alizaaje.

Mwanapatholojia Mwingereza Harold Sheehan alilieleza jambo hili mwaka 1937 akiwa Glasgow, na ugonjwa bado unaitwa kwa jina lake. Wakati wa ujauzito pituitari hunenepa, inahitaji damu zaidi, ilhali damu yake huipata kupitia vijishipa ambavyo mgandamizo wake ni mdogo tangu mwanzo. Mzazi akivuja damu mpaka presha ianguke, tezi hiyo hukosa damu na sehemu yake ya mbele hufa. Mama anapona, anarudi nyumbani, watu wanashukuru. Kisha amri zinakatika: ya maziwa, ya hedhi na nywele za kwapani, ya tezi ya shingo, na ile ya kuziambia tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitengeneze kotisoli. Kwa kuwa mara nyingi hakuna kinachokatika ghafla kabisa, mgonjwa huweza kuishi miaka akiburuza mwili. Huko Ulaya, ambako uzazi wa kuvuja damu namna hiyo umekuwa adimu, ugonjwa huu umebaki zaidi vitabuni. Kwetu bado unaingia kwa pikipiki.

Kotisoli watu wengi wanaijua kama homoni ya msongo wa mawazo, na kwa sababu hiyo wanaidhani adui. Msongo inauhusu kweli, lakini kwa maana pana: homa, kidonda, njaa, kutapika, upasuaji, msiba. Ndiyo inayoshikilia presha isianguke na sukari isipotee mwili unapobanwa. Asiye nayo anaweza kufa kwa kuharisha kwa siku mbili.

Sasa, kwa nini dawa ya tezi ndiyo iliyomwangusha? Tezi ya shingo inapolegea, mwili wote hupunguza mwendo, na ini nalo huchelewa kuivunja kotisoli. Mama huyu alikuwa na kotisoli kama kibaba kimoja cha unga, ila alikuwa akikila polepole, kikafika. Levothairoksini ikaamsha mwili. Ini likaanza kuvunja kotisoli kwa kasi ya kawaida na mahitaji ya mwili yakapanda. Mtu mwenye adrenali zinazopata amri hatambui lolote, kwani zinatengeneza zaidi kufidia. Zake hazikuwa na wa kuziamuru. Zile wiki mbili za afadhali zilikuwa za kweli: dawa ilifanya kazi yake barabara, na ni kufanya kazi kwake ndiko kulikomaliza unga. Levothairoksini hukaa sana mwilini, nusu ya dozi inachukua takriban siku saba kuondoka, hivyo kila ongezeko huchukua wiki tano au sita kufika kileleni. Nilimpandisha dozi mtu ambaye tayari alikuwa akiteremka.

Dalili zilikuwa zimesimama mbele yangu tangu ile ziara ya pili. Kulamba chumvi, kizunguzungu cha kuinuka, kichefuchefu cha asubuhi kilichoanza baada ya dawa. Mgonjwa anayezidiwa kwa dozi ndogo ya dawa ya tezi huku kipimo chake kikionekana kizuri, asiongezwe dozi kwanza.

Usiku ule tulitoa damu ya kupima kotisoli, tukaiweka kando, na papo hapo tukachoma haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa, kisha 50 kila baada ya saa sita. Kipimo chenyewe kilipaswa kusafirishwa na majibu yangechukua siku. Anayesubiri majibu hayo ndipo atibu atampokea mgonjwa mochwari. Sindano hii inapatikana karibu kila hospitali kwa ajili ya pumu na mzio, na dozi moja ikipigwa bila kuhitajika haimdhuru mtu. Saa moja na nusu baadaye presha ilikuwa 98/60. Kulipokucha alikaa kitandani akaomba uji.

Hapo lipo shimo la pili ambalo vijana wetu hulitumbukia. Kotisoli inapokosekana, mwili huzuia maji na ndiyo sababu mojawapo ya sodiamu kushuka. Ukiirudisha, mgonjwa huanza kukojoa kwa wingi, maji ya ziada yanatoka, na sodiamu inapanda yenyewe, wakati mwingine kwa kasi inayoweza kuuharibu ubongo. Ilibidi tupunguze dripu za chumvi na kupima kila saa sita, lengo kupanda kwake kusipite milimoli 8 hadi 10 kwa siku nzima. Saa ishirini na nne za kwanza alikojoa lita nne na sodiamu ikafika 126.

Potasiamu ya kawaida ilikuwa nayo na maana yake. Adrenali zenyewe zikiharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu, kama alivyoeleza Thomas Addison kule London mwaka 1855, hukosekana pia ile homoni inayotupa potasiamu na kutunza chumvi, hivyo potasiamu hupanda. Na ngozi huwa nyeusi zaidi, hasa kwenye ufizi, mistari ya viganja na makovu. Huyu alikuwa amepauka, hata chuchu zilififia rangi. Homoni ile ya chumvi huongozwa zaidi na figo kuliko pituitari, kwa hiyo kwake ilibaki salama, na hakuhitaji dawa ya kuifidia.

Majibu yalirudi siku ya tano: kotisoli nanomoli 41 kwa lita. Katika hali ile ya kufa na kupona ingetakiwa kuwa zaidi ya mara kumi ya hapo. FSH, amri ya pituitari kwa mayai ya uzazi, kipimo cha bei ya kawaida ambacho ningeweza kukiagiza siku ya kwanza, ilikuwa 2.3. Mwanamke ambaye hedhi imekatika kwa sababu mayai yamekwisha huwa na FSH ya juu. Ya chini namna hii kwa asiyeona hedhi miaka mitano inasema tatizo liko kichwani, kwa mtoa amri. Miezi minne baadaye alipofika Dar es Salaam kwa picha ya MRI ya kichwa, pale pituitari inapokaa palikuwa karibu patupu.

Levothairoksini tuliisimamisha siku sita, tukairudisha kotisoli ilipokuwa imeshatulia: mikrogramu 50, kisha 75 baada ya wiki sita, kisha 100. Dozi ileile iliyomwangusha sasa anaimeza na anapika pombe ya harusi za watu. Mpangilio ndio uliobadilika: kotisoli hutangulia, dawa ya tezi hufuata.

Vidonge vya haidrokotisoni ndivyo vinavyofanana zaidi na kotisoli ya mwilini, lakini maduka mengi ya dawa huku hayana. Tulimpa prednisoloni miligramu 5 asubuhi, ya bei ndogo na inayopatikana. Wengine hutosheka na chini ya hapo, na mtu akikaa nayo miaka ni vizuri kujaribu kuishusha kidogo, maana ikizidi hula mifupa na kuleta sukari. Ratiba yake imefuata jogoo: saa kumi na mbili levothairoksini kwa maji matupu, saa moja uji na prednisoloni. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu tulivihamishia usiku, kwa sababu chuma na kalisi huikamata dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini. Ziachane walau saa nne.

Kilichohitaji muda mrefu kuliko vyote ni kumfundisha siku za ugonjwa. Mtu asiye na tatizo hili akiumwa, adrenali zake huongeza kotisoli bila kuulizwa. Yeye anaongeza kwa mkono: homa ikipita 38, dozi mara mbili, ikipita 39, mara tatu, siku mbili au tatu, kisha anarudi kwenye dozi yake. Akitapika na kidonge hakikai, achomwe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli wa paja na aanze safari ya hospitali. Chupa mbili na mabomba yake ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Mume alijifunza kuchoma akifanyia mazoezi kwenye embe. Bibi alikataa kushika sindano, akasema yeye atashika tochi.

Nimeongeza maneno kidogo kwa wenzangu wanaofanyia mijini, kwa kuwa huko sura ya tatizo ni nyingine. Wagonjwa huja wakiwa kwenye dawa ya tezi, bado wamechoka, na mfukoni wana virutubisho vya kushusha kotisoli au vya kutibu kile kinachoitwa uchovu wa adrenali. Ugonjwa wa jina hilo hautambuliwi na wataalamu wa homoni. Kipimo kimoja cha kotisoli kilichochukuliwa saa kumi jioni hakisemi kitu, kwani homoni hii huwa juu asubuhi na hushuka kadiri jua linavyozama. Ninachouliza kwanza ni mkorogo na dawa za kunenepa. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli au betamethasoni, na vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa kwa wanaotaka makalio, ni kotisoli ya bandia. Vikitumika miezi, pituitari huacha kutoa amri, adrenali hulala, na siku mtu anapoviacha ghafla anabaki mikono mitupu. Huyo naye ukimwanzishia levothairoksini kwa sababu ya uchovu utaona kilichompata mama wa Njombe. Na kwa walio kwenye dawa za kifua kikuu: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huharakisha kuvunjwa kwa steroidi kama prednisoloni na kwa dawa ya tezi pia, hivyo dozi zote mbili huweza kuhitaji kuongezwa.

Miezi minane baada ya kuruhusiwa, mama alirudi akiwa na koti la mumewe tena. Alipita kliniki nyingine kuchukua dawa, wakampima TSH, ikatoka 0.03. Wakaona dozi imezidi, wakaipunguza hadi 25. Kwa mtu mwingine wangekuwa sahihi. Kwake TSH itakuwa chini maisha yote, na kinachopaswa kupimwa ni T4 huru, ikae nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. Nikarudisha 100, na kwenye jalada la kadi nikaandika kwa kalamu nyekundu: USIPIME TSH. USISIMAMISHE PREDNISOLONI.

Mwaka uliofuata alikutana na daktari kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye aliisoma kadi, akakunja uso, na bado akajaza TSH kwenye fomu ya maabara. Mimi nilikuwa meza ya pili. Mama akaitazama ile fomu, akaisukuma taratibu kwa kidole.

"Hapo, mwanangu, unamuuliza marehemu. Andika T4."